Ufunguo wa Saa ya Baba

Mwaka 1983, nilipokuwa darasa la tano, nyumba yetu ya Nyanungu, katika wilaya ya Tarime, ilikuwa na saa moja tu. Ilikuwa saa ya mkono ya baba. Aliinunua baada ya kuuza ng'ombe dume, na kwa sababu hiyo sisi watoto tuliiheshimu kana kwamba nayo ilikuwa mnyama wa zizini. Baba hakwenda nayo shambani. Aliitundika kwenye msumari ukutani, mahali ambapo moshi wa jikoni haukufika.

Kazi ya kuitia ufunguo kila jioni ilikuwa yangu, nami niliionea fahari sana.

Huenda saa uliyozoea kuiona wewe inakwenda kwa betri, au imo ndani ya simu. Saa ya baba haikuwa na betri. Ndani yake mlikuwa na kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma cha pua uliokunjwa mviringo ndani ya kikopo kidogo. Ukiikaza kamani, huwa inataka kukunjuka. Katika kukunjuka kwake husukuma magurudumu yenye meno, na magurudumu hayo huzungusha mishale. Kamani ikikazwa mpaka mwisho, saa nyingi za namna hiyo huweza kwenda kwa muda wa saa 36 hadi 40. Ndiyo maana ilipasa kuitia ufunguo kila siku.

Kwa kweli hapakuwa na ufunguo wowote. Palikuwa na kifundo kidogo chenye mikwaruzo, ubavuni mwa saa. Kifundo hicho kilikuwa na kazi mbili. Kikiwa kimeingia ndani, ukikizungusha unakaza kamani. Ukikivuta nje kidogo, mpaka usikie "ta!", kisha ukakizungusha, unasogeza mishale ili urekebishe wakati. Kazi mbili kwa kifundo kimoja! Sikupata kujiuliza jambo hilo liliwezekanaje. Laiti ningalijiuliza mapema.

Jioni moja ya Ijumaa, mwezi wa Aprili, nilishika saa gizani nikaanza kuzungusha kifundo kama kawaida. Nilihisi kwamba kilikuwa chepesi kupita siku zote. Nilipoisogeza saa karibu na kibatari, moyo wangu ulishtuka. Mishale yote miwili ilikuwa imehama. Kifundo kilikuwa kimejitokeza nje chenyewe, nami nilikuwa nikizungusha mishale badala ya kukaza kamani! Sikujua nimeisogeza kwa muda gani. Saa iliendelea kulia "ti-ti-ti" kwa utulivu, kama mtu asiye na kosa.

Siku nyingine tungesubiri Redio Tanzania Dar es Salaam itangaze wakati. Lakini betri za redio zilikuwa zimekwisha kwa wiki mbili, na madukani hazikuwapo. Ningeweza kumwambia baba. Ningeweza pia kumwuliza mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na saa yake. Niliogopa kufanya yote mawili.

Kesho yake, Jumamosi, nilikumbuka somo la sayansi. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kivuli cha mlingoti huwa kifupi kuliko vyote jua linapofika kilele cha safari yake angani. Nikaificha saa mfukoni, nikaenda kwenye uwanja wa shule, ambao siku hiyo haukuwa na mtu. Nilichomeka vijiti chini mahali kivuli cha mlingoti wa bendera kilipoishia, kimoja baada ya kingine. Kivuli kilipokoma kufupika na kuanza kurefuka tena, nikavuta kifundo, nikaweka saa sita kamili. Nilirudi nyumbani nikijiona mtaalamu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mdogo wangu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alishikwa na homa kali. Mwili wake ulikuwa moto kama jiwe la jikoni, naye akaanza kuweweseka. Kulikuwa na lori moja lililobeba abiria kwenda Tarime mjini, nalo liliondoka kila siku saa 11 kamili alfajiri. Baba alitazama saa, akapiga hesabu ya mwendo, akasema kwamba muda ulikuwapo wa kutosha. Mama alimfunga mtoto mgongoni. Mimi nilibeba taa.

Tulipofika kituoni hatukuona lori. Mlinzi wa duka alikuwa akiota moto peke yake.

"Limeondoka," alisema. "Sasa ni zaidi ya robo saa."

Baba aliinua mkono wake mbele ya taa. "Haiwezekani," alijibu. "Bado dakika 25 kufikia saa 11."

Nilijua palepale ni nani aliyelikosesha lori lile. Sikusema neno. Baba aliazima baiskeli, akawapakia mama na mdogo wangu nyuma, akaisukuma njia nzima penye milima na kuiendesha penye tambarare, katika matope ya masika. Walifika hospitali alasiri. Mdogo wangu alikuwa na malaria, na alilazwa kwa siku tano. Alipona. Siku zote hizo tano, kila nilipopita chini ya ule msumari mtupu, nilitazama pembeni.

Baba alirudi akiwa na betri mpya na mashaka makubwa. Alikuwa amelinganisha saa yake na redio kule mjini, akaona kwamba imechelewa kwa dakika 42. Akaiweka sawa. Siku tatu baadaye alilinganisha tena, na safari hii haikuwa imepotea hata dakika moja. Alishindwa kuelewa. Kwa hiyo, baada ya wiki mbili, alikwenda kwa fundi saa, akanichukua nami ili nimsaidie kubeba gunia la mtama hadi sokoni.

Fundi huyo alikuwa mzee mwembamba aliyeketi nyuma ya meza ndogo yenye kioo, chini ya baraza la duka.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Baba alimweleza shida yake. "Mzee mwenzangu, saa hii hupotea na kurudi yenyewe, kama ng'ombe asiye na mchungaji."

Fundi aliibandika saa sikioni, akafumba macho. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akaweka lenzi kwenye jicho lake moja na kutazama kwa muda mrefu.

"Moyo wake ni mzima," alisema. "Sikiliza, unapiga mara tano kwa kila sekunde, bila kukosea. Saa haichelewi dakika 42 halafu ikaacha. Kuna mtu aliyeisogeza mishale."

Baba akaniangalia. Nikasema yote, nikiwa nimeinamisha kichwa: kifundo kilivyojitokeza, giza, mlingoti wa bendera, vijiti. Baba hakunipiga wala hakunikemea. Alinyamaza tu, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko fimbo. Aliyevunja kimya alikuwa fundi.

"Mtoto amekosa kwa kuficha," alisema. "Lakini kifundo hiki nacho kina kosa lake. Njoo uone, mwanangu."

Aling'oa mishale kwa uangalifu, akatoa uso wa saa wenye tarakimu. Nilishangaa. Nilidhani mitambo yote iko nyuma, kumbe mtambo wa kuwekea wakati umejificha chini ya uso. Aliniwekea lenzi jichoni. Nitajaribu kukueleza nilichokiona, nawe usome polepole.

Kutoka kwenye kifundo kulikuwa na kijiti cha chuma kilichoingia ndani ya saa. Sehemu moja ya kijiti hicho ilikuwa ya duara, na sehemu nyingine ilikuwa ya pembe nne. Juu yake yalivaliwa magurudumu mawili madogo. Gurudumu la kwanza lilikuwa na tundu la duara, kwa hiyo kijiti kiliweza kuzunguka ndani yake bila kulizungusha. Gurudumu la pili lilikuwa na tundu la pembe nne. Kwa hiyo lilizunguka kila kijiti kilipozunguka, lakini pia liliweza kuteleza juu yake, mbele na nyuma. Fundi aliliita gurudumu telezi. Nyuso za magurudumu hayo zilizotazamana zilikuwa na meno ya mshazari, kama meno ya msumeno.

Mimi sikuelewa. Fundi alicheka, akachukua kipande cha muhogo mbichi kilichokuwa kando yake, akakata vipande viwili vya mviringo. Alichonga meno ya msumeno kwenye uso wa kila kipande, akatoboa kimoja tundu la duara na kingine tundu la pembe nne, kisha akavichomeka vyote viwili kwenye kijiti alichokichonga pembe nne. "Kandamiza, halafu zungusha," aliniambia. Nilipozungusha upande mmoja, meno yaling'ang'aniana na vipande vyote viwili vikaenda pamoja. Nilipozungusha upande wa pili, meno yalipandana na kuteleza, "krrr, krrr", na kipande cha tundu la duara kikabaki pale pale. Waweza kulifanya jaribio hili nyumbani kwa muhogo au kiazi kitamu. Meno yote yachongwe kwa mshazari wa upande mmoja, la sivyo hayatashikana.

Hivyo ndivyo kamani inavyokazwa. Gurudumu telezi hulishika gurudumu la kwanza, nalo hulisukuma gurudumu jingine chini ya kifuniko cha nyuma, ambalo huzungusha gurudumu la kamani. Hapo pana kizuizi kidogo, mfano wa ulimi, kinachoingia katikati ya meno na kuzuia kamani isirudi. Ule mlio unaousikia unapotia saa ufunguo ni mlio wa kizuizi hicho kikirukia jino moja baada ya jingine. Ukirudisha kifundo nyuma, meno ya msumeno huteleza tu, wala hakuna kinachoharibika.

Je, mishale husogezwaje? Hapa ndipo palipo na werevu mkubwa zaidi. Umesoma habari za nyenzo, nawe unajua kwamba wenzo wenye egemeo katikati hufanya kazi kama pembea: upande huu ukishuka, upande ule hupanda. Ndani ya saa mlikuwa na wenzo mdogo sana, na ncha yake iliingia kwenye mfuo wa kile kijiti. Kijiti kinapovutwa nje, ncha hiyo hufuata. Upande wa pili wa wenzo huelekea ndani, ukausukuma wenzo mwingine, nao hulisukuma gurudumu telezi. Kwa hiyo wewe unavuta nje, lakini gurudumu linakwenda ndani! Huko ndani hukutana na magurudumu ya mishale. Yale meno ya msumeno yameachana, kwa hiyo kamani haiguswi tena, na sasa ukizungusha kifundo unazungusha mishale peke yake. Mshale mrefu ukimaliza mizunguko 12, mshale mfupi umemaliza mmoja. Ukikirudisha kifundo ndani, springi nyembamba kama unywele hulirudisha gurudumu telezi mahali pake.

"Na ni nini kinachokizuia kifundo kisihame chenyewe?" nilimwuliza. Fundi alilipenda swali hilo. Alinionyesha ubapa mdogo wa chuma uliokuwa na mapengo mawili. Wenzo wa kwanza una kichuma kinachokaa ndani ya pengo moja wakati wa kukaza kamani, na ndani ya pengo la pili wakati wa kusogeza mishale. Ile "ta!" ni sauti ya kichuma kikihama kutoka pengo moja kwenda jingine. Katika saa ya baba, vumbi na miaka vilikuwa vimelila lile pengo la kwanza mpaka likawa kama jeraha lililopona. Kichuma kilikosa mahali pa kushika. Ukivuta kidogo tu kwa kidole, kifundo kilihama kimyakimya.

Usidhani kwamba mtambo huu umekuwapo tangu saa zilipovumbuliwa. Kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi, watu walitia saa zao ufunguo kwa ufunguo wa kweli, kijifunguo kidogo kilichochomekwa kwenye tundu. Funguo hizo zilipotea mara kwa mara, na kila saa ilipofunguliwa, vumbi liliingia. Mwaka 1820 fundi Mwingereza Thomas Prest alipata hati ya uvumbuzi wa saa inayojazwa kwa kifundo. Mwaka 1842 Mfaransa Adrien Philippe alibuni njia ya kutumia kifundo kimoja kwa kazi zote mbili, kukaza kamani na kusogeza mishale. Alionyesha saa zake katika maonyesho ya Paris mwaka 1844, akatunukiwa nishani. Mwaka 1847, huko Uswisi, Antoine LeCoultre alibuni mtambo wake wa kubadili kazi moja kwenda nyingine kwa kubonyeza kitufe. Baada yao mafundi wengi walizidi kuuboresha mtambo huo, hata ukawa kama ule nilioutazama kwa lenzi pale barazani. Ufunguo ukatoweka, lakini katika lugha yetu haukutoweka. Mpaka leo tunasema "kutia saa ufunguo", ingawa walio wengi kati yetu hatujawahi kuuona. Mimi naupenda sana usemi huo. Ni kama jina la babu ambalo mjukuu analibeba bila kumjua mwenyewe.

Fundi alifanya kazi tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Aliosha vipande vyote kwa petroli. Lile pengo lililoliwa alilichimbua kwa tupa nyembamba sana, akalisugua likang'aa. Gurudumu telezi la saa yetu lilikuwa na meno butu, kwa hiyo alitafuta kwenye kopo lake la saa zilizokufa, akapata moja ya aina ile ile, akatoa gurudumu zima. Springi aliibadili akaweka yenye nguvu zaidi. Mwisho akafunga kifundo kikubwa kuliko cha zamani, kinachoshikika vizuri hata kwa vidole vya mtu aliyeshika jembe kutwa.

Nilimwona akipaka mafuta ya aina mbili, nikamwuliza sababu. Alinieleza kwamba magurudumu yanayozunguka upesi hutaka mafuta mepesi, tena tone dogo sana. Lakini nyenzo na meno ya kifundo husuguana kwa nguvu, kwa hiyo hutaka grisi nzito isiyotiririka. Mafuta mepesi yakiwekwa pale, husambaa na kuacha chuma kikavu, na chuma kikavu hulana.

Kitendawili cha dakika 42 hakikuteguliwa siku ile. Nilikitegua mwenyewe nilipofika darasa la saba, siku tuliyofundishwa ramani. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Saa za Tanzania nzima huwekwa kwa kufuata jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mashariki ya pwani yetu. Nyanungu ipo karibu na nyuzi 34 na nusu. Tofauti ni nyuzi 10 na nusu. Zidisha kwa 4, utapata 42. Kwa hiyo katikati ya Aprili, jua linapofika kilele juu ya Nyanungu, redio inakuwa imekwisha kutangaza saa sita tangu dakika 42 zilizopita. Kivuli cha mlingoti hakikunidanganya. Kilinipa saa sita ya jua la kwetu, lakini dereva wa lori alifuata saa sita ya nchi nzima.

Siku ile pale barazani, fundi alirudisha uso wa saa na mishale, kisha akampa baba. Baba hakuipokea. Alinionyesha mimi kwa kidevu. Redio ya dukani ilikuwa karibu kutangaza wakati. Nilivuta kifundo, nikasikia "ta!" iliyo wazi, kali, tofauti kabisa na ya zamani. Nilisogeza mshale mfupi mpaka kwenye tarakimu 3, kwani saa hizi huandikwa kwa hesabu ya kigeni, nasi husoma tarakimu inayoielekea upande wa pili: 9. Mtangazaji aliposema kwamba ni saa tisa kamili, nikakisukuma ndani.

Jioni tulipofika nyumbani, mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni akila muhogo wa kuchoma. Nilikaa karibu naye nikatia saa ufunguo, nikihesabu mizunguko kwa sauti, mpaka nilipohisi kamani imejaa. Aliomba asikie. Nikambandikia saa sikioni, nikarudisha kifundo nyuma polepole, meno yakateleza, "krrr, krrr", naye akacheka akataka nirudie.